Pori Lililofyekwa na Pori Lililorudi: Watu, Mbung'o na Wanyama wa Shinyanga

Katika mwaka wa 1984 Rais Julius Nyerere alizuru mkoa wa Shinyanga, akaiona nchi iliyovuliwa nguo: vilima vitupu, makorongo yaliyochimbwa na mvua, na wanawake wakienda mwendo mrefu kutafuta mzigo mmoja wa kuni. Akaiita Jangwa la Tanzania, na jina hilo likashika. Watu wengi waliolisikia walidhani kwamba jangwa lile ni kazi ya ng'ombe na ya jua. Ng'ombe walikuwamo, na jua pia. Pamba ilikuwamo, na kuni, na hesabu ya watu iliyozidi mwaka hata mwaka. Lakini sehemu kubwa ya miti ya Shinyanga haikupotea kwa uzembe. Ilikatwa kwa makusudi, kwa amri ya serikali na kwa mikono ya maelfu ya watu, na kazi ile ilisifiwa katika vitabu vya wataalamu kuwa ni ushindi. Adui aliyeshindwa alikuwa nzi.

Nzi huyo ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Hatagi mayai kama nzi wa jaani. Huzaa funza mmoja mmoja, naye funza hujizika katika udongo mkavu wenye kivuli. Chakula chake ni damu tu, ya mnyama au ya mtu, na kwa damu hiyo huchukua vijidudu viletavyo nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Basi mambo mawili humweka hai: kivuli cha pori na damu ya wanyama wakaao porini. Aondoaye kimoja kati ya hivyo viwili amemwondoa mbung'o. Na historia yote ya Shinyanga katika karne ya 20 yaweza kusomwa kama mabishano juu ya kipi kiondolewe.

Asili ya vita hivi ni msiba wa miaka ya 1890. Sotoka iliingia kutoka pembe ya kaskazini-mashariki ya Afrika, ikashuka mpaka maziwa makuu, ikaua ng'ombe karibu wote, na nyati pamoja na wanyama wengine wa porini. Wasukuma walipoteza mali, chakula na mahari kwa pigo moja. Waliosalia hawakuwa na makundi ya kulisha nyasi wala nguvu ya kulima mashamba ya mbali, na vichaka vikaingia mahali palipokuwa uwanda. Baadaye wanyama wa porini walizaliana upesi kuliko ng'ombe, wakarudi ndani ya vichaka vile, na mbung'o akawafuata. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, pamoja na njaa na homa ya mafua iliyokuja nyuma yake, viliwapunguza watu tena. Katika mwaka wa 1922 malale yakaonekana Maswa, mashariki ya Shinyanga, na serikali mpya ya Waingereza ikashtuka.

Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na John Ford, aliyepata kuwa mtaalamu wa mbung'o katika Tanganyika yenyewe, waliandika katika miaka ya 1970 kwamba kabla ya sotoka watu wa nchi hizi walikuwa wamejua namna ya kukaa na nzi huyu. Walikaa pamoja katika duara za makao zilizofyekwa kwa jembe na meno ya ng'ombe, na kati ya utemi na utemi waliacha pori lisilokaliwa. Mwindaji aliingia humo, na mfanyabiashara alipita usiku; ng'ombe hawakupelekwa. Isidhaniwe kwamba palikuwa na amani kamili, maana simba hawakutambua mpaka, wala wavamizi. Kjekshus mwenyewe alilaumiwa na wenzake kwa kuipaka rangi nzuri mno Afrika ya kabla ya ukoloni. Lakini neno moja katika hoja yake halijavunjwa: pori lilikuwa na mahali pake, na watu walikuwa na mahali pao, na ulinzi wa mpaka ule ulikuwa kazi ya kila siku isiyohitaji jina wala ofisi.

Mtu aliyetumwa kuwashinda mbung'o alikuwa Charles Francis Massy Swynnerton. Ajabu ya maisha yake ni kwamba tangu mwaka wa 1919 alikuwa Bwana Nyama wa kwanza wa Tanganyika, yaani mlinzi wa wanyama wa porini, na katika mwaka wa 1929 akawa mkuu wa utafiti wa mbung'o, makao yake yakiwa Shinyanga. Ofisi ya kwanza ilimtaka awahifadhi wanyama. Ya pili ilimtaka amfishe njaa nzi aishiye kwa damu yao. Huko Rhodesia ya Kusini, alikotoka, serikali ilikuwa imechagua bunduki. Swynnerton hakuipenda njia hiyo. Aliona kwamba kivuli ndicho kiondolewe, na wanyama waachwe, wakimbilie mahali pengine. Mbung'o wa aina moja waliokaa katika vichaka vya miiba vya nchi ile wamepewa jina lake, nao waitwa hivyo mpaka leo katika vitabu vya elimu ya wadudu.

Kazi ilifanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa shoka. Watemi wa wilaya ya Shinyanga waliwaita watu wao baada ya mavuno, kila utemi ukapewa sehemu yake, na maelfu ya wanaume wakakata vichaka kwa siku kadhaa katika mwaka. Wataalamu waliita kazi hii msaada wa hiari. Neno hilo lataka kusomwa kwa uangalifu: mtemi alipoita, si kila mtu aliyekuwa na hiari ya kukataa. Hata hivyo haifai kusema kwamba Wasukuma walisukumwa tu. Malisho yaliyofunguliwa yalikuwa yao, ng'ombe waliopona nagana walikuwa wao, na nchi iliyofyekwa ilijaa watu upesi. Mtu aliyemzika ng'ombe wake wa mwisho kwa ajili ya nzi hakuhitaji hotuba ndefu ili ashike shoka.

Njia ya pili ilikuwa moto, nayo ndiyo yenye fundisho kubwa zaidi, ijapokuwa wanahistoria wengi huipita kwa sentensi moja. Desturi ilikuwa kuchoma nyasi mapema, mara zinapoanza kukauka, kila mtu mahali pake na kwa wakati wake. Moto wa namna hiyo ni mdogo, hauumizi vichaka. Swynnerton aliwataka watu wajizuie. Nyasi zilindwe zisichomwe wala zisiungue kwa bahati mbaya, mpaka mwisho wa kiangazi, zikiwa zimekauka kabisa. Ndipo zichomwe zote kwa siku zilizopangwa, ili moto uwe mkali na uue vichaka. Jambo hili lilihitaji mapatano makubwa, maana mchungaji mmoja mwenye haraka angeweza kuharibu kazi ya miezi mitano ya wilaya nzima. Lakini Wasukuma walikuwa na desturi ya kulinda nyasi mpaka mwisho wa kiangazi tangu zamani, na jina lake ni ngitili. Katika ngitili mtu hufunga eneo la malisho mvua inapoanza, nyasi zikakua bila kuguswa, kisha hulifungua kiangazi kinapozidi, ng'ombe wakala wakati ambapo mahali pengine hapana kitu. Kalenda ni karibu ile ile, na nidhamu ni ile ile. Moja huhifadhi nyasi ili zichomwe, nyingine huhifadhi nyasi ili ziliwe; moja huua mti, nyingine huuponya. Yaelekea mpango wa moto ulishika Shinyanga kuliko mahali pengi kwa sababu watu wake walikuwa wamekwisha kujifunza kungoja.

Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Juni 1938, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt, ambaye ndiye aliyezijua kwa majina aina za vichaka zilizokuwa zikikatwa. Baada yake bunduki ilipata nafasi. Tangu mwaka wa 1945 hata mwanzo wa miaka ya 1950, katika eneo lililopimwa la wilaya ya Shinyanga, wawindaji wa serikali waliua wanyama kwa maelfu, wakubwa kwa wadogo, ili ijulikane kama mbung'o watakufa njaa. Mbung'o walipungua sana, na ripoti ikaandikwa kwamba jaribio limefaulu. Haikupita miaka mingi, uchunguzi wa damu iliyomo matumboni mwa mbung'o ukaonyesha kwamba nzi hawa huchagua. Walipenda sana damu ya ngiri na nguruwe wengine wa porini. Wengine walifuata pongo na nyati. Pundamilia, nyumbu na kongoni hawakuguswa ila kwa nadra. Basi wengi kati ya wanyama waliopigwa risasi Shinyanga hawakuwa wamemlisha adui hata kidogo.

Wakati huo huo watu wa Shinyanga na Kwimba walikuwa wakijaa mpaka ukingoni. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka wa 1947, uliwahimiza wahame pamoja na ng'ombe kwenda kando, hasa Geita, nchi ya Wazinza iliyokuwa na miombo mingi, mbung'o wengi na watu wachache. Dhahabu ilikuwa imekwisha kuchimbwa huko tangu miaka ya 1930, na mgodi ule wa kwanza uliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1960. Miti ya miombo ilitegemeza mashimo na kuwasha mitambo. Lakini aliyeifungua Geita hasa si mchimba dhahabu. Alikuwa mkulima wa pamba na mihogo, aliyefyeka na kukaa, akamfukuza nzi kwa kuwapo kwake tu. Serikali ilifuata nyuma na amri zake za matuta, za kupunguza mifugo na za mabaraza, mpaka mwaka wa 1958 watu wa Geita walipozikataa waziwazi, na utawala ukalegeza kamba. Kwa jinsi hii, alama ya mbung'o ilipofutwa Shinyanga ilifuatwa na shoka mpaka Geita, na yale yaliyotokea mashariki yakaanza kutokea magharibi kizazi kimoja baadaye.

Uhuru haukubadili mwendo huo. Katika mwaka wa 1974 watu wa Shinyanga walihamishwa kuingia vijijini. Wengi walitengwa na ngitili zao, ambazo sasa zilikuwa mbali, hazina mwangalizi wala mwenyewe ajulikanaye, na kitu kisicho na mwenyewe hukatwa na kila apitaye. Hapo ndipo ilipofika nchi aliyoiona Nyerere.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ulianzishwa mwaka wa 1986, ukasaidiwa na Norway na baadaye na kituo cha utafiti wa kilimo-mseto chenye makao Nairobi. Ulianza kama miradi mingi ianzavyo, yaani kwa vitalu vya miche. Maofisa waligawa miti ya kupandwa, mingi ya kigeni. Ukame na mchwa vikachukua sehemu yao. Sifa ya watu wa HASHI ni kwamba walikubali kujifunza. Waliona kwamba katika nchi ile visiki vya migunga vilikuwa bado hai chini ya ardhi, vikingoja tu kuachwa na meno na moto, na kwamba wazee wa vijiji walikuwa na jina la mahali pa kuviachia. Basi mradi ukaiinua ngitili. Katika mwaka wa 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa karne hii zilifikia zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Ulinzi haukuwa wa askari wa misitu. Ulikuwa wa baraza la kimila liitwalo dagashida na wa sungusungu, ambao walitoza faini ya mbuzi au ng'ombe kwa mtu aliyeingiza mifugo kabla ya wakati. Katika mwaka wa 2002 mradi ulipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi, na husimuliwa vizuri. Kinachosahauliwa ni kwamba pori halirudi peke yake.

Wataalamu waliozichunguza ngitili kwa ajili ya Wizara ya Maliasili, na ambao kazi yao ilitoka mwaka wa 2005, waliwahesabu ndege wa aina zaidi ya 100 na mamalia wa aina kadhaa waliokuwa wamerejea. Walipima faida: kuni, nyasi, dawa, asali, nguzo na maji, vyote kwa pamoja vikimpatia kila mtu thamani ya dola za Kimarekani 14 hivi kwa mwezi, katika nchi ambayo mkazi wa shamba alitumia dola 8 na nusu. Kisha walipima hasara iliyoletwa na wanyama, wakaipata dola 60 na kitu kwa kila kaya kwa mwaka. Hesabu yaonyesha kwamba faida yashinda mbali. Lakini hesabu ya wastani ni kama kivuli cha mbuyu: ukiona ukubwa wake wadhani umefunika kila mtu. Faida ya ngitili yagawanyika kwa wengi, kidogo kidogo, kila siku. Hasara huja usiku mmoja, katika zizi moja.

Fisi, kwa mfano, alikuwa amekosa mahali pa kulala mchana katika nchi iliyofyekwa. Ngitili ikampa. Naye Usukumani ana jina baya kupita la mwizi wa mbuzi, kwa kuwa watu humhusisha na uchawi na na safari za usiku za wachawi. Kwa hiyo mjane ambaye zizi lake limeingiliwa hapati hasara ya mbuzi tu, bali huenda na minong'ono ikaanza juu ya nani aliyemtuma fisi. Kwelea, adui wa mtama na uwele, hupenda kutaga katika miti ya miiba, na migunga iliyorudi ni nyumba njema kwake. Upande wa Meatu na Bariadi, karibu na Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti, tembo huvuka mpaka na kuingia mashambani. Wala ngitili zote si za kijiji. Nyingi ni za watu binafsi, na mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye eneo kubwa. Maskini hukata nyasi huko kwa ruhusa au kwa malipo, lakini fisi alalaye katika ngitili ya tajiri haombi ruhusa ya kwenda kwa maskini.

Jambo hili si la Usukuma peke yake. Katika mito ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini yuko mnyama aitwaye biva, mwenye meno yakatayo miti na desturi ya kujenga maboma ya matawi yazuiayo maji. Aliwindwa kwa ajili ya manyoya yake mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 Ulaya yote ikabakiwa na biva elfu moja na kidogo. Alipolindwa akarudi, na mabwawa yake yakarudisha ndege, samaki na maji ya kiangazi. Yakafunika pia mashamba na barabara. Watu wa mjini hufurahi, mkulima husimama ndani ya maji. Wenye busara kati ya wasimamizi wa kazi hiyo wamejifunza kupitisha bomba ndani ya boma, ili maji yasipande kupita kipimo, na kuzungushia waya miti yenye thamani. Bunduki huwa ya mwisho. Katika nchi ya Scotland biva aliingizwa katika ulinzi wa sheria mwaka wa 2019, na mabishano juu ya nani alipe hayajakwisha. Kinachowaunganisha biva na ngitili ni kazi yenyewe ya usimamizi: hufanywa mpakani, katika kipimo cha maji au cha siku, na mtu akiuacha mpaka huo mwaka mmoja tu, majirani hurudi kwenye shoka.

Tanzania imejaribu kwa njia ya fedha. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na kanuni zilizofuata mwaka wa 2011, mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali aweza kupewa kifuta jasho, na aliyejeruhiwa au kufiwa hupewa kifuta machozi. Majina yamechaguliwa kwa uaminifu, maana hayadai kuwa fidia. Lakini kanuni hizo ziliandikwa kwa kumfikiria jirani wa hifadhi kubwa ya taifa, na malipo ya shamba hupimwa kwa umbali wake kutoka mpaka wa hifadhi hiyo. Ngitili haina mpaka katika ramani ya wizara. Mbuzi aliyeliwa kando yake huzungumzwa katika baraza la kijiji, na likinyamaza baraza, hakuna mwingine wa kuulizwa.

HASHI ilifungwa mwaka wa 2004. Mabaraza yaliendelea mahali pengi, na mahali pengine yalilegea. Katika mwaka wa 2012 mkoa wenyewe ulikatwa, na wilaya ya Bukombe, iliyokuwa moja ya wilaya za mradi, ikawa sehemu ya mkoa mpya wa Geita. Huko dhahabu ndiyo bwana sasa. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa tena mwaka wa 2000, na kuuzunguka wako wachimbaji wadogo ambao mashimo yao hushikiliwa na magogo. Kila duara jipya lahitaji nguzo, na kila kambi yahitaji mkaa. Mwenye ngitili karibu na machimbo huamka na bei mbili mkononi: ya nyasi, ambayo hulipwa kiangazi kikifika, na ya gogo, ambayo hulipwa leo.

Na mbung'o hajasahauliwa. Ngitili nyingi za Shinyanga ni vipande vidogo kati ya mashamba, havina ngiri wala nyati wa kutosha kumlisha. Lakini magharibi ya Bukombe, kuelekea mapori ya Kigosi na Moyowosi, nzi yupo, na wachungaji waliohama kutoka Shinyanga kutafuta malisho hufika huko wakiwa na ng'ombe, na chupa ya dawa ya nagana mfukoni. Babu zao ndio waliokata vichaka kwa amri ya watemi. Wao hukata au huacha kwa hesabu yao wenyewe, mwaka kwa mwaka, mvua ikianza kunyesha na wakati wa kufunga ukiwadia.